Pini ya Mwandawiro

Mume wangu Mwandawiro alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, na tangu astaafu hajakubali kwamba kuna kitu duniani kinachoweza kupotea njia. Treni haipotei, husema, na mtu mwenye akili zake pia hapotei. Basi siku aliponunua simu ya kupangusa, akafungua ramani na kujiona humo ndani, yeye mwenyewe, kidoa cha buluu juu ya mlima wa Sagalla, alivua kofia. Kisha akasema, "Mama Sharon, wanajua niko wapi." Nikamwuliza ni akina nani hao. Alifunga vifungo vya shati hadi shingoni. Alikuwa amerudishwa kazini.

Nyumba yetu iko juu, upande unaotazama Voi. Ukisimama uani unauona mji mzima, hadi vumbi la malori. Kuona tunaona, kupiga simu ndiyo kazi. Mimi na mume wangu tuko mitandao tofauti, na majina ya makampuni siyataji kwa sababu wenyewe wana mawakili. Laini yake hushika mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa lililo mwendo wa robo saa kutoka kwetu. Laini yangu hushika kando ya zizi la mbuzi, na sharti upande juu ya karai lililogeuzwa. Kila jioni tunaachana, yeye anakwenda jiweni, mimi zizini, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa laini aliyochagua. Nimemwambia mara nyingi ahamie kwangu. Anasema mtu wa reli hahamihami.

Chini ya jiwe hilo, kando ya barabara ya magari, ndipo anapokaa Fridah. Nitamweleza sasa hivi nisije nikaonekana nimemficha. Ni mjane wa marehemu Ben, hakujaliwa mtoto, na ndiye aliyembeba binti yangu Sharon mgongoni miezi miwili yote niliyolazwa baada ya kujifungua. Tulikuwa tukiazimana chumvi, viatu, hata siri. Halafu, miaka miwili iliyopita, sufuria kubwa ya akina mama wa kanisa ikarudi kutoka kwangu ikiwa imebonyea ubavuni, naye akalitaja jambo hilo kikaoni. Kubonyea ilikuwa imebonyea, siwezi kukataa. Lakini nina ulimi ambao hufika kabla yangu. Nilisema mbele ya wanawake ishirini kwamba Fridah anahesabu sufuria kwa sababu hana watoto wa kuhesabu.

Fridah aliokota mkoba wake akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo tukikutana njiani, kila mmoja hupata kitu cha maana cha kutazama upande wa pili.

Sasa Sharon, ambaye anauza katika duka la dawa mjini Voi, akapata mchumba. Anaitwa Ronald, kijana wa kutoka Salaita, kule karibu na Taveta. Wazee wake wakatuma neno kwamba watakuja na mahari Jumamosi. Ronald mwenyewe hakuwa amewahi kukanyaga kwetu, maana kijana mwenye adabu haingii kwa wakwe kabla ya wazee wake. Nikaalika nusu ya mlima. Fridah sikumwalika.

Chakula hakikunitisha. Kilichonitisha ni maji. Mfereji wetu ulikuwa umekauka wiki ya tatu, na kioski cha maji kiko chini kabisa mlimani. Kwetu wageni wa mahari wakifika, mama wa binti huwamwagia maji mikononi kwa mkono wake mwenyewe, kuanzia mzee wao hadi mtu wa mwisho, kabla hawajagusa chakula. Hapo ndipo wanapompima. Mama wa kudondosha matone atasemwa hadi wajukuu wazaliwe, na binti yake ataingia kwa watu akiitwa mtoto wa wachoyo. Mimi nilitaka niwamwagie mpaka kwenye viwiko.

Jumatano Mwandawiro akaja na habari. Kuna kampuni mpya mjini, Maji Chapu. Unaagiza kwa simu, unabonyeza mahali ulipo, lori linakufuata hadi kwenye tangi lako.

"Kama treni," akasema.

"Treni ikipanda mlima huu nitaamini," nikamjibu.

Hata hivyo nilipanda karai langu nikabonyeza. Yeye akapanda jiwe lake akabonyeza. Sikumwambia, naye hakuniambia; katika mambo ya mtandao hatuaminiani. Baada ya saa moja nikapigiwa na msichana wa ofisini kwao, Nthambi.

"Mama, niko na oda mbili za boma moja. Hii yako inaonyesha mnakaa ndani ya mbuga."

"Mbuga gani?"

"Tsavo, mama. Katikati kabisa, hakuna hata njia. Mko na ndovu huko?"

Nilitazama huku na huku. Nilikuwa na mbuzi saba na karai. Busta ya laini yangu, yaani mnara wake wa mtandao, iko mbali sana, ng'ambo ya tambarare, na simu ilipokosa kujua nilipo ilikisia tu kwamba niko huko mawimbi yanakotoka.

"Na ya mzee inasemaje?"

"Ya mzee iko hapo Sagalla, karibu na barabara. Hiyo inakaa ya ukweli. Nifuate hiyo?"

Ningefanyaje? Nikamwambia afuate hiyo. Jioni hiyo Mwandawiro alizunguka uani mikono nyuma, mwendo wake wa zamani wa kukagua mabehewa. "Mke wangu amehamia mbugani," akawaambia mbuzi. "Mkimwona ndovu, msalimieni."

Hakuna aliyemwuliza alikuwa amesimama wapi alipobonyeza. Huo ndio ujinga wetu sisi wa mlimani, na nausema waziwazi. Kwetu simu haikai nyumbani, inakaa penye mtandao. Ukiulizwa uko wapi, wewe unajibu kuhusu kwako, nayo simu inajibu kuhusu jiweni. Tena Mwandawiro huzima setilaiti zinazoionyesha simu ilipo hasa, kwa sababu, kwa maoni yake, zinakula chaji. Kwa hiyo simu ilikisia kwa busta peke yake, ikachora duara lililofunika nusu ya mlima, na katikati ya duara ikachoma pini, ile alama ya kuonyesha mahali. Pini ilianguka juu ya paa la Fridah. Mume wangu akaitazama, akaona mlima ni ule ule, akaiandika jina, "Nyumbani kwa Mwandawiro," akathibitisha. Halafu, kwa wema wake wote, akawatumia na wakwe ili wasije wakapotea.

Alhamisi alasiri, nikiwa juu ya karai, ujumbe ukaingia kutoka kwa dereva wa lori, mtu anayeitwa Ngui. "Maji imeshuka mama. Tank imejaa mpaka juu. Mungu awabariki." Nikakimbia kwenye tangi letu nikaligonga. Lililia kama ngoma ya kwaya.

Nikarudi karaini kumpigia Ngui, nikakuta jambo lingine. Simu nne ambazo sikuzipokea, zote kutoka kwa Fridah. Nilizitazama. Nikajisemea, amesikia habari za Jumamosi, sasa anataka kualikwa. Nilipokuwa bado nimesimama hapo akapiga mara ya tano. Niliona jina lake likiwaka mkononi mwangu na nikaacha simu iimbe mpaka ikachoka.

Ngui alipopatikana alikuwa ameshafika mbali, Maungu. "Mama, mimi nimefuata pini," akasema. "Hapakuwa na mtu, geti lilikuwa limefungwa, nikarusha paipu juu ya ua. Tangi iko karibu na barabara, si ndiyo hiyo?"

Tangi letu haliko karibu na barabara. Hata sisi wenyewe hatuko karibu na barabara.

Ijumaa asubuhi Mwandawiro alikwenda jiweni kuwapigia Maji Chapu na kuwaeleza, kwa Kiswahili cha kiofisi, kwamba mitambo yao haifai. Huko juu, akingoja Nthambi apokee, akatazama chini. Akaona alama za magurudumu ya lori zikifika hadi nje ya ua wa Fridah, na chini ya tangi la Fridah udongo uliolowa. Alirudi nyumbani polepole. Mume wangu akirudi polepole ujue kuna treni imeacha reli.

"Maji yetu yako kwa Fridah," akasema.

"Yamefikaje huko?"

Alijikuna shingo. "Kwa njia iliyo sahihi kabisa. Pini ndiyo ilikuwa kwake."

Nilimwambia maneno fulani kuhusu reli na kuhusu mama yake aliyemzaa, ambayo nimeshayatubu. Kwamba pini hiyo hiyo alikuwa amewatumia wakwe, yeye hakukumbuka na mimi sikujua. Kisha nikakaa juu ya kinu nikazifikiria zile simu tano. Hakutaka kualikwa. Alikuwa ametoka sokoni Voi, akakuta tangi lake limejaa maji ya watu.

"Enda ukamwombe," Mwandawiro akasema.

"Wewe ndiye uliyepiga pini, enda wewe."

"Mimi sikumtukana."

Niliinuka kwenye kinu nikachukua ufagio. Sikwenda. Niliona haya, na haya yangu huvaa nguo za hasira ili isitambulike. Nikamwita Elvis wa bodaboda, akanipandishia mitungi minne ya lita ishirini kutoka kioskini, safari mbili. Sharon akaitazama mitungi hiyo minane ikiwa imepangwa ukutani. "Mama, hii ni ya kupika tu," akasema. "Ya mikono iko wapi?" Nikamwambia akalale mapema uso usije ukavimba.

Jumamosi ikafika. Sufuria zilikuwa motoni alfajiri, wageni wangu wa mlimani wamekaa chini ya turubai kufikia saa nne, kwaya imeshaimba nyimbo zote inazozijua na kuanza upya. Wakwe walitakiwa kufika saa tano. Saa tano na robo Mwandawiro alisoma ujumbe alioupokea akiwa jiweni asubuhi: wamepita Mraru, wanakuja. Kutoka Mraru hadi kwetu si safari ya kuzeesha mtu. Saa sita ikapita. Nikapanda karai nikiwa na kitenge changu kipya na kilemba, nikampigia Mzee Timotheo, baba mkubwa wa Ronald, aliyeongoza msafara. Simu ya mzee huyo imezoea mpakani, nusu ya maisha yake hushika mtandao wa Tanzania. Nikajibiwa na mwanamke mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Nikamshukuru, kwa sababu sikujua la kufanya.

Saa saba kasoro Mwandawiro akaenda jiweni tena. Hakuchukua muda. Nilimwona kwa mbali, amesimama juu ya jiwe, amevua kofia, anaipunga. Halafu akaielekeza chini kwa mkono, mara tatu, kama anayemsimamisha dereva. Nikajua. Simu moja ya mwanamume mmoja ilikuwa imepeleka maji yangu kwa Fridah, na sasa ilikuwa imempelekea na wakwe.

Nilitembea robo saa hiyo peke yangu. Nilikuwa nikipanga la kusema, na kila nililolipanga liliharibika kabla sijafika kwenye kona iliyofuata. Nilichokiona akilini ni Fridah amesimama katikati ya wakwe zangu na jagi mkononi, akiwamwagia maji yangu, akihesabiwa kuwa mama mwema. Na ubaya wake ni kwamba nisingeweza kumlaumu.

Magari mawili yalikuwa yameegeshwa nje ya geti lake. Ndani, wageni kumi na wanne walikuwa wamekaa kwenye viti, mabenchi, mtungi uliogeuzwa na kitanda cha kamba, kila mmoja na kikombe cha chai. Mzee Timotheo alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu Ben, simu gotini.

"Simu imesema tumefika," alikuwa akimwambia Ronald kwa ukali. "Mimi nikishaambiwa nimefika, nimefika. Na wageni wa mahari hawazunguki mlimani wakipiga hodi. Watakuja kutuchukua."

Fridah alikuwa mlangoni mwa jikoni. Aliniona kabla ya wote. Hakutazama upande wa pili.

"Karibu, Mama Sharon," akasema, sauti ya kawaida kabisa, ya miaka miwili iliyopita. "Wageni wako nimekushikia; mzee alinikataza kutuma mtu, na simu zangu wewe huzipokei. Chai wamekunywa, lakini mikono sijawanawisha. Nimewaambia hiyo ni kazi ya mama yake, na mimi ni jirani."

Nikatazama mikono ya wakwe zangu. Ilikuwa mikavu, na vumbi la safari bado liko juu yake. Walikuwa wamekaa karibu saa mbili hawajapewa hata kipande cha mkate, na chai tu tumboni, kwa sababu yangu.

Nikamfuata Fridah ubavuni mwa nyumba, kwenye tangi. Nilidhani ananipeleka tukatukanane faraghani, na nilikuwa tayari kutukanwa. Badala yake akachukua ufito mrefu uliokuwa umeegemezwa ukutani akanipa. Karibu na ncha moja ulikuwa umechanjwa kwa kisu.

"Pima," akasema.

"Nipime nini?"

"Maji yako. Nilipotoka sokoni Alhamisi niliyapima, nikachanja hapo yalipofika. Nilijua utakuja siku moja kuuliza, na nilijua utakavyouliza. Pima."

Nikapanda juu ya tofali, nikafungua kifuniko, nikauchovya ufito mpaka ukagonga chini. Nikautoa. Maji yalikuwa yamefika kwenye alama, pale pale. Hayakupungua hata tone.

Ndipo nilipoona mitungi yake. Mitatu ya njano, mlangoni mwa jikoni, na matope mekundu ya kule kioskini kwenye vitako. Siku tatu mwanamke huyu alikuwa na tangi la maji lililojaa hadi juu, hatua sita kutoka kitandani kwake, na alikuwa akishuka mlima na kupanda na mtungi ili asiguse yangu. Chai waliyokunywa wakwe zangu aliipandisha kwa mgongo wake.

"Fridah," nikasema. "Lile neno nililosema kikaoni."

"Nalikumbuka."

"Lilikuwa baya. Nilijua ni baya nilipokuwa nikilisema, nikalisema. Ninaomba unisamehe."

Alichukua ufito mkononi mwangu akauegemeza tena ukutani, taratibu. "Sufuria ilikuwa imebonyea lakini," akasema.

"Ilikuwa imebonyea."

"Sana."

"Niliidondosha kwenye ngazi ya kanisa," nikasema, na hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Mwandawiro. Fridah akaanza kucheka. Mimi nikaanza kulia, nikafuta macho kwa kitenge kipya. Haikuwa siku ya kubania kitambaa.

Tulijaza majagi mawili, tukachukua na beseni. Tuliporudi mbele, Mwandawiro alikuwa ameshashuka kutoka jiweni na kuvaa kofia, anawaeleza wakwe kwamba pini haikuwa na kosa lolote, ni nyumba tu iliyokuwa mahali pasipofaa. Mzee Timotheo aliunga mkono. Wanaume wawili wakielewana juu ya simu, usiwaingilie.

Mzee akanyoosha mikono. Wote wakanitazama, kwa sababu walikuwa wameshaelezwa mama ni nani. Nami nikampa Fridah jagi, nikashika beseni.

Fridah hakusogea. "Dinah," akaninong'oneza, "hii ni yako."

"Miezi miwili alikuwa mgongoni kwako," nikasema, wala sikunong'ona. "Mwaga."

Akamwaga. Alimwaga mpaka kwenye viwiko, mtu mmoja baada ya mwingine, wote kumi na wanne, na jagi lilipoisha nikashika la pili mimi, naye akashika beseni. Mzee Timotheo alitutazama kwa zamu. "Sasa nimwambie nani asante?" akauliza. "Mama ni yupi?" Nikamwambia wa huyu binti wako wawili, na kama mahari yao haitoshi wawili warudi Salaita wakajipange. Wakacheka mpaka Ronald akamwaga chai. Fridah hakucheka. Alikuwa ameinamia beseni, na nilimwacha aendelee kuinama.

Tuliwachukua wageni kwa miguu hadi kwetu tukiimba, kwaya ikatupokea njiani, na pilau ilikuwa imeshika chini kidogo lakini hakuna aliyesema. Sharon alipomwona Fridah akiingia getini aliacha utaratibu wote wa bibi harusi mtarajiwa kutotoka chumbani, akatoka mbio.

Nthambi wa Maji Chapu amepiga mara mbili kutaka turekebishe pini. Mwandawiro yuko tayari, hata setilaiti sasa huziwasha, kila Jumapili baada ya ibada. Mimi ndiye niliyekataa. Kwa hiyo hadi leo, ukitafuta nyumbani kwa Mwandawiro kwenye simu, utafikishwa kwa Fridah. Maji hushushwa kwake tukagawana, vifurushi vya Sharon kutoka Taveta huachwa kwake, na mgeni yeyote wa kwetu hunywa chai yake kwanza. Kikifika kitu, Fridah hunipigia. Simu sasa naiacha imetundikwa zizini, juu ya karai; huwa naisikia nikiwa jikoni, natupa mwiko, nakimbia zizini, napanda karai. Bado haijawahi kulia mara ya tatu.